Ubavu kwa ubavu kwenye tuta la mchicha

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya ushauri wa lishe nikiwa nyuma ya meza. Mtu anaingia, tunasalimiana, anaketi, anasogeza kadi yake ya kliniki mbele yangu. Namwuliza: mboga unakula? Nakula. Chumvi umepunguza? Nimepunguza. Dawa unatumia kila siku? Natumia. Namwandikia karatasi ya vyakula, anaikunja mara nne, anaitia kwenye mkoba, anashukuru na kuondoka. Mwezi unaofuata anarudi na presha ileile, majibu yaleyale, na karatasi yangu bado imekunjwa mara nne.

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jengo la pili. Hapa ni Morogoro, mji ulioegemea milima ya Uluguru. Ukitoka nje tu unaiona, asubuhi imejifunika ukungu, alasiri imegeuka rangi ya buluu. Lakini watu wangu walikuja kuzungumza habari za miili yao wakiwa wamekabiliana na saruji. Sikuliona hilo kuwa jambo mpaka niliposoma habari za mtafiti Roger Ulrich. Huyu alichukua kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za kati ya 1972 na 1981, akawalinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Aliwapanga wawili wawili wanaofanana kwa umri, jinsia na mambo mengine, tofauti ikiwa dirisha: mmoja alitazama miti, mwenzake ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Matokeo yalichapishwa 1984. Ni utafiti mdogo, na sitaki kuutwisha mzigo usioubeba. Ila siku nilipousoma niliinua macho nikautazama ule ukuta wangu, na tangu hapo ulinikera kila asubuhi nilipofungua mlango.

Hata hivyo kilichonitoa ndani ya kile chumba si utafiti. Ni bibi mmoja wa Bigwa.

Alikuwa akihudhuria kwa ajili ya presha, kazi yake kuuza mboga gengeni, na alikuwa amekosa kliniki miezi miwili mfululizo. Nikaamua kumfuata nyumbani. Nilimkuta uani amechutama kwenye tuta, anapunguzia mchicha uliosongamana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Vuta kigoda ukae, usinisimamie."

Nikavuta kigoda. Akanisogezea ungo wa matembele, nikaanza kuchambua, majani upande huu, vikonyo vigumu upande ule. Kwa dakika kumi hivi tuliongea habari za mvua, bei ya mbegu, kuku wa jirani wanaoparua miche. Halafu, bila kuniangalia, mikono yake ikiwa bado udongoni, akasema:

"Vile vidonge, kile cheupe sikimezi siku za genge."

"Kwa nini bibi?"

"Kinanipeleka haja ndogo kila saa. Na pale gengeni choo hakuna. Mboga zangu nimwachie nani?"

Siku zake za genge ni sita kwa wiki.

Miezi minne nilikuwa nimemwuliza kama anatumia dawa, na miezi minne alinijibu kwamba anatumia. Simlaumu hata kidogo. Swali langu lilitoka kwa mtu mwenye kalamu, mlango umefungwa, macho kwa macho, na jibu lake lilikuwa habari ya chooni. Nani angelisema? Tulikwenda pamoja kwa daktari, nikamwomba aeleze mwenyewe, akaeleza, naye daktari akampangia upya dawa zake. Haikuchukua hata robo saa.

Kabla sijaaga siku ile aliingia ndani akatoka na karatasi yangu. Alikuwa ameitunza vizuri, pamoja na pakiti za mbegu. Akanyoosha kidole kwenye orodha: tufaha, brokoli, mafuta ya zeituni. "Mwanangu, hivi vitu mimi sivijui vinapouzwa. Hizi hapa haziwezi?" Akanionyesha nyuma yangu: matembele, mnafu, mchunga, majani ya maboga yaliyokuwa yanatambaa mpaka kwenye uzio. Nilikuwa nimeinakili orodha ile kutoka kitabu cha nchi nyingine na kumpa mwanamke anayeishi katikati ya mboga. Nilimwomba radhi. Karatasi nikaichukua, na sijaitoa tena kwa mtu yeyote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuelewa kwa nini yale maneno yalitoka pale na si ofisini. Sehemu ya jibu ni jinsi tulivyokaa. Pale mezani tulikuwa uso kwa uso, na uso kwa uso kuna anayeuliza na anayeulizwa. Uani tulikuwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja macho yake kwenye kazi. Ofisini mtu akinyamaza kidogo tu mnaanza kuona haya, mmoja wenu anakimbilia kusema chochote. Kwenye tuta mtu anaweza kunyamaza mpaka mwisho wa mstari na hakuna anayeona vibaya, maana mnapalilia. Kauli nzito huhitaji nafasi hiyo kabla haijatoka.

Sehemu nyingine ni nani anashauri nani. Nilikuwa nimefundishwa kutoa hoja. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William R. Miller aliandika kuhusu mazungumzo na watu wenye shida ya pombe, na alilosema linawahusu watu wangu wa chumvi na soda vilevile: ukimbana mtu kwa sababu za kwa nini abadilike, yeye anabaki na kazi ya kutetea upande wa pili, na kadiri anavyoutetea ndivyo anavyouamini. Njia aliyoiendeleza baadaye na Stephen Rollnick ni kumsaidia mtu azitamke sababu zake kwa kinywa chake. Kwa maneno ni rahisi. Mezani nilishindwa, kwa sababu kila kitu pale, kuanzia kiti changu kilichokuwa kirefu kuliko chake, kilisema mimi ndiye ninayejua. Bustanini mimi ndiye niliyefundishwa kwamba mbegu za mchicha, kwa udogo wake, huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kusiwa ili zisimwagike mahali pamoja. Aliyenifundisha ni yule bibi. Mtu akishakufundisha kitu cha maana hazungumzi nawe tena kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

Kwa hiyo sasa nakutana na watu nyuma ya nyumba yangu, Kihonda. Ni kiwanja cha kawaida, udongo si mzuri sana, maji ya bomba hayatoki kila siku. Tuna matuta manne, magunia tisa, mwembe mmoja wenye benchi chini yake, na pipa la mboji. Wanakuja watu wanane kwa siku, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Wengi wana presha au sukari, au vyote viwili. Wengine hawana ugonjwa wenye jina. Wana mawazo, kama tunavyosema.

Kila anayeanza namwanzisha na gunia lake mwenyewe. Nataka nieleze hatua zake, kwa sababu mashauri mengi hufanyika ndani ya saa hiyo moja. Unachukua gunia la kilo mia lililotumika, unakunja mdomo wake kwa nje likae wima. Unachanganya ndoo tatu za udongo wa juu, ndoo mbili za samadi iliyooza mpaka haina harufu, na ndoo moja ya mchanga. Kisha unatafuta kopo kubwa lisilo na kitako, unalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza kokoto. Pembeni ya kopo unajaza udongo. Ukifika usawa wa mdomo wa kopo unalivuta juu polepole, kokoto zinabaki, unalijaza tena, unaendelea hivyo mpaka gunia lijae. Mwisho unapata nguzo ya kokoto katikati, na maji unayoyamwaga juu hushuka kupitia humo na kusambaa hadi chini, badala ya kulowesha juu tu. Ubavuni unatoboa matundu kwa kisu, umbali wa shubiri moja, na katika kila tundu unapachika mche. Tunapenda sukuma wiki na mnafu ubavuni, mchicha juu.

Kulivuta kopo kunahitaji watu wawili: mmoja anavuta, mmoja anashikilia gunia. Mimi ndiye ninayeshikilia. Hapo ndipo ninapouliza maswali yangu, nayo si mengi. Wiki hii kipi kimekwenda vizuri? Kipi kimekuwia kigumu? Ungependa kujaribu nini mpaka tuonane tena? Halafu nakaa kimya na kushikilia gunia. Mama mmoja alivuta makopo matatu kamili bila kunijibu, kisha akasema, "Napika chumvi nyingi kwa sababu mume wangu akisema chakula hakina ladha, naona amesema mimi." Ningeweza kumhadhiria kuhusu gramu 5 za chumvi kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri tusikifikie, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa jumla, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vitafunwa. Namba hiyo aliipata baadaye, alipoiuliza. Siku ile tuliongea habari za mumewe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuanza na mboga moja tu kwa wiki, atie ndimu na vitunguu saumu, apunguze chumvi, na asimtangazie mtu.

Namba zina mahali pake, lakini nimejifunza kuziweka mikononi. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi na mihogo havihesabiwi humo. Nilipokuwa nikitamka "gramu 400" watu waliitikia kwa kichwa. Siku hizi tunachuma, tunaweka kwenye mizani ya genge, kila mmoja anaendelea kuongeza majani mpaka mshale ufike. Ungo unajaa. Nimeshuhudia mzee mzima akiuangalia ule ungo na kusema kwa sauti ya chini, "Basi mimi nakula robo ya hii, tena kwa wiki." Mchicha wa gunia lake ulikuwa tayari kuchumwa ndani ya wiki nne, na alianza kubeba fungu nyumbani kila alipokuja.

Vivyo hivyo dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwambie mtu wa miaka sitini aende jimu, atakutazama kwa huruma. Lakini kulima tuta, kubeba madumu, kuchutama na kuinuka mara ishirini kwenye mstari wa miche, yote hayo yanahesabika. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi vizuri, ndiyo maana wenye sukari tunawahimiza wafanye kazi nyepesi au watembee kidogo baada ya kula. Presha tunapima mwanzo, mtu akiwa ameketi chini ya mwembe dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Hatupimi mtu aliyetoka kubeba dumu.

Kuna mzee mmoja ambaye amenifundisha mazuri na machungu ya kazi hii. Alikuwa dereva wa malori kwa zaidi ya miaka thelathini, Dar es Salaam hadi Tunduma na ng'ambo. Ana sukari. Mke wake alifariki, na watoto walipomleta kwangu walisema hali, halali, haongei. Wiki tatu za mwanzo alikaa kwenye benchi chini ya mwembe akatazama wenzake. Sikumsogelea na maswali. Nilikuwa nimesoma kuhusu kazi ya daktari wa akili Dixon Chibanda huko Zimbabwe, iliyoanza 2006 katika kitongoji cha Mbare, Harare: mabibi wa mtaani waliofundishwa hukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza. Wenyewe kwa Kishona wanaiita hali hiyo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, jambo ambalo Mswahili yeyote analielewa mara moja. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa 2016, na yalionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nikajiambia, basi benchi lipo, na mabibi ninao.

Yule bibi wa Bigwa ndiye aliyekwenda kukaa naye. Hakumpa pole wala nasaha. Alimpa ungo wa majani ya maboga amenye nyuzi zake. Wiki ya nne mzee alisimama, akachukua kopo la kumwagilia, akamwagilia gunia la kwanza, la pili, mpaka la tisa. Hayakuwa yake. Ilipofika saa tatu alikuja kwangu akasema, "Mke wangu alikuwa na mnafu nyuma ya jiko. Umekauka. Sikuumwagilia." Akaanza kulia, na sisi tukaendelea na kazi karibu naye, hatukumwacha na hatukumzunguka.

Miezi miwili baadaye alikanyaga msumari. Alikuwa amevaa kandambili, msumari ukapenya mpaka kwenye nyama, na hakuusikia. Aligundua jioni akioga, alipoona maji mekundu. Sukari ya muda mrefu huua hisia za miguu, hilo ni la mwanzo kabisa kwa mtu wa kazi yangu, na mimi sikuwahi kumwuliza kama ana ganzi, wala sikuwahi kutazama amevaa nini miguuni. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba amesimama. Kidonda kilichukua wiki nyingi za kusafishwa na kufungwa. Kilipona, mguu ukabaki, lakini kuna usiku ambao sikulala nikifikiria ingekuwaje.

Sasa hakuna anayeingia kwenye matuta bila viatu vilivyofunika mguu wote. Mwenye sukari anakagua nyayo zake kabla na baada, asiyeweza kuinama mwenzake anamtazamia. Nauliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Anayetumia insulini haanzi kazi hajala, na mfukoni ana kitu cha sukari, maana kazi inaweza kuishusha ghafla akaanza kutetemeka. Viuatilifu hatutumii, vidukari tunavifuta chini ya majani kwa maji ya sabuni. Ukitaka kuwaingiza wagonjwa bustanini, anza na mambo haya kabla hujanunua mbegu.

Na kuna jambo ambalo nalisema kila msimu, hata kama linawaudhi baadhi. Watu huja wakidhani nitawapa mti wa dawa. Wamesikia mlonge unaponya magonjwa mia tatu, wamesikia mchunga kwa uchungu wake unamaliza sukari. Mlonge ni mboga nzuri, nimeupanda kwenye uzio. Mchunga naupenda mwenyewe. Lakini nimekwishamwona mtu aliyeacha vidonge vyake kwa sababu ya unga wa majani, na nilimwona kitandani, nusu ya mwili haiinuki. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 hapa Tanzania uliwakuta na shinikizo la juu la damu karibu watu 26 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, na kisukari watu 9. Hao ni majirani zetu na ndugu zetu, wanahitaji vipimo, dawa zao na daktari wao. Bustani inakaa pembeni ya hayo. Kwangu mtu akija bila kadi ya kliniki, kazi ya kwanza tunayopanga pamoja ni hiyo kadi.

Watu huniuliza pia kama nawafundisha wateja wangu mafumbo ya mbegu na mavuno. Hapana. Mama mmoja gunia lake lilikauka lote kiangazi kilichopita, kwa sababu bintiye alilazwa na yeye alikuwa wodini usiku na mchana. Aliporudi hakuhitaji somo. Alihitaji mtu wa kumsaidia kumwaga ule udongo, kuuchanganya upya na samadi, na kumsikiliza habari za wodini. Tulifanya hivyo, mimi nikishikilia gunia. Wakati wa kupanda aliniambia kwamba usiku mmoja kule wodini alimeza dawa zake za presha bila maji, akihofia kupitisha saa, na nikajua kwamba amezishika kweli.

Masika yameanza. Uluguru haionekani tangu juzi, mvua inashuka kutoka kule kila alasiri, na njia ya kwangu imekuwa tope tupu. Yule bibi wa Bigwa amefunga mbegu za mgagani kwenye pindo la kanga yake, anasema za dukani hazina uchungu wa kutosha. Jumamosi tunahamisha miche ya mnafu. Mzee wa malori ameomba mitano ya ziada, akaipande nyuma ya jiko. Ameshanunua gambuti.